Uso wa Yasuji

Otanai, 6 Machi 1955

Dada Fumie,

Theluji bado inafika dirishani, na Mama anasema mwaka huu imeamua kuhamia moja kwa moja. Miguu inamsumbua asubuhi, lakini akishakunywa supu yake huzunguka nyumba nzima akinitafutia makosa, kwa hiyo ni mzima. Figili za chumvi ulizotuma zimekwisha. Mtungi kauosha, kauweka pale ninapopita, ili niuone na nikuandikie. Haya, nimekuandikia. Mgongo wa shemeji Eikichi unasemaje? Wapwa zangu wanasoma, au wanakula tu?

Sasa langu. Jarida la wapiga picha la mwezi huu limefika, na picha yangu imetupwa tena kwenye shindano lake. Safari hii jaji kaniandikia mstari mmoja kule nyuma, kwenye maandishi ya kupofusha macho: "Kuroiwa wa Otanai. Mpiga picha yuko mbali. Asogee hatua tatu mbele."

Nisogee wapi, dada? Nilikuwa juu ya kilima, wachimbaji wanatoka zamu kule chini. Hatua tatu mbele ningeangukia korongoni, na wewe ungesoma tanzia badala ya barua. Ubaya si miguu yangu, ni lenzi. Katika chama chetu cha wapiga picha tuko saba, na anayechapishwa kila mara ni karani wa ghala, mwenye kamera ya Kijerumani. Mtu yule hajui hata jua linachomoza upande gani! Mimi nimefanya mazoezi miaka minane, nasafisha filamu zangu mwenyewe kabatini, vidole vimeungua kwa dawa, na bado picha zangu zinatoka kama zimepigwa na mtu aliyeko wilaya ya pili.

Wewe uko studio, unawajua wauzaji wa kamera za mitumba huko Osaka. Nitafutie lenzi ndefu, tafadhali. Nikiipata hiyo, utaona.

Mdogo wako,
Tatsuo

*

Osaka, 21 Machi 1955

Mdogo wangu Tatsuo,

Huku maua ya mpichi yameshaanza kuanguka, na Eikichi anatembea ameinama kama anatafuta sindano. Watoto wanakula. Kusoma, sijui. Figili zitakuja na posta ijayo. Mwambie Mama mtungi nimeuona kutoka huku.

Kuhusu lenzi. Kamera ya bosi wangu, Mzee Hirokane, ni sanduku la mbao. Ngozi yake imetoboka, ameiziba kwa plasta ya vidonda. Lenzi ni ileile aliyoinunua kabla ya vita. Watu wanaingia pale, wanakaa, wanatoka wakiwa wamefanana na wenyewe. Mimi ninayezigusa zile picha kwa brashi, ninayeondoa mikunjo na chunusi, nakuambia siku nyingine sioni cha kugusa.

Za kwako nimeziona zote. Najua unanipenda unaponitumia, nami nakupenda ninaposema hivi: zimejaa migongo, Tatsuo. Migongo, mapaa, moshi, kofia. Ulipokuwa mdogo, mgeni akija ulikuwa unajificha nyuma ya Mama na kumchungulia kwa jicho moja. Sasa umekuwa mwanamume wa miaka ishirini na minane, na hilo jicho moja umelitilia kioo.

Usinune. Lenzi nitakutafutia, kwa sababu nikikataa utaniandikia kila wiki. Lakini kwanza nipigie Mama. Uso wake, karibu, kama anavyokutazama ukichelewa kula. Sina picha yake hata moja.

Dadako

*

Otanai, 10 Julai 1955

Dada,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilinuna. Sasa kununa kumeniisha, kwa kuwa lenzi imefika salama! Ulivyoifunga, nilidhani umenitumia yai. Marupurupu ya nusu mwaka yamekwenda yote, na Mama hajasema neno, jambo ambalo ni baya kuliko kusema.

Yasuji alikuwapo nilipofungua. Unamkumbuka Inagaki Yasuji, wa nyumba ya tatu kwenye safu yetu, tuliyeanza naye mgodini siku moja. Alikuwa amembeba Chizu, binti yake, mabegani.

"Hilo bomba," akasema, "ni la kupigia picha au la kupulizia moto?"

"Kwa hili naona nyusi za mtu aliye ng'ambo ya mto."

"Na mtu aliye mbele yako je? Nipige basi mimi, nimtishe Setsu. Tangu tuoane hana picha yangu."

Nikamwambia lenzi hii haioni karibu, arudi nyuma mpaka kwenye pampu. Akarudi. Nikapima mwanga. Wingu likapita, nikapima tena. Chizu akaanza kulia njaa. Yasuji akapiga kelele kutoka pampuni, "Bwana mkubwa, mwanga wako ukipatikana utaniita!" akaenda zake kula. Basi tukacheka. Ipo siku.

Mama anakataa kupigwa. Anasema nywele zake hazifai.

Huku wanasema batamaji weupe watatua ziwani Oktoba, wengi kuliko mwaka jana. Hao ndio ninaowasubiri.

Tatsuo

*

Osaka, 4 Novemba 1955

Tatsuo,

Redio ilisema Otanai. Nilikuwa nimeshika brashi, nikaitia moja kwa moja kwenye jicho la bibi harusi wa watu. Siku mbili nimekaa posta. Telegramu yako ina maneno mawili, "Salama wote," nami nimelala nayo chini ya mto.

Nani amekufa? Redio inasema thelathini na mmoja, haisemi majina. Ulikuwa ndani? Ulikuwa wapi? Niandikie hata mstari. Mwambie Mama nakuja akitaka nije.

Fumie

*

Otanai, 28 Novemba 1955

Dada,

Mama mzima. Usije, treni zinakwama kwa theluji.

Ilikuwa tarehe 27 Oktoba, saa tano kasorobo asubuhi. Gesi ililipuka ngazi ya nne, halafu moto. Waliokuwa ngazi za juu walitoka. Wa ngazi ya nne hawakutoka. Kwa siku tatu timu za uokoaji zilishuka na kurudi na nyuso nyeusi, hazina mtu. Siku ya nne wakubwa waliziita familia ukumbini, wakasema moto unakula makaa na ukiachwa utaula mgodi wote, hakuna njia ila kuutia maji. Walitaka kila familia igonge muhuri wake kwenye karatasi ya kukubali.

"Na kama yuko hai?" mama mmoja aliuliza.

Mkubwa yule akainamisha kichwa mpaka kikagusa meza.

Yasuji yumo. Setsu aligonga muhuri akiwa wa nane. Alikuwa ameusahau wino, nikamshikia kibweta cha wino. Mchana wakafungulia mto. Dada, sauti ya maji kuingia shimoni haifanani na mvua wala mto. Inafanana na mtu anayekunywa.

Miili haitatoka. Ukumbini waliweka mabango yenye majina, kila familia ikapewa lake.

Sikuwa zamu.

Nakutumia filamu moja niliyokuwa nayo ndani ya kamera. Ni batamaji. Sitaki kuisafisha mimi. Isafishe au itupe, nisiione.

Tatsuo

*

Osaka, 15 Januari 1956

Mdogo wangu,

Mwaka umeanza bila barua yako, nami sikuthubutu kukulaumu. Huku tumekula keki za mchele kama kawaida, Eikichi nusura akabwe na moja, watoto wakacheka, nikawapiga, halafu nikalia. Nimemwandikia Mama kando, akusomee.

Namkumbuka Yasuji. Alikuwa na pengo la jino la mbele tangu utotoni, na akicheka ulimi unachungulia. Mwambie mkewe nimewasha ubani.

Ile filamu sikuitupa. Niliisafisha Jumapili, peke yangu studio, na picha ya kumi na nne ilipoanza kujitokeza majini nilimwita Mzee Hirokane kutoka nyumbani kwake. Batamaji wanne wanainuka, maji yanawadondoka, unaweza kuhesabu matone. Mzee aliiangalia kwa muda mrefu, akasema, "Mdogo wako ni mpiga picha." Mzee yule hajawahi kunisifia hata chai.

Nisamehe, basi: nilikosea. Nilikusema miaka yote, kumbe ulihitaji kifaa tu. Na kwa kuwa najua kwamba hivi sasa huna moyo wa kuituma mwenyewe, nimeituma jaridani kwa jina lako. Kwenye kifuko cha filamu ulikuwa umeandika kila kitu kama ilivyo desturi yako, siku, saa, mwanga, kwa hiyo fomu nimeijaza kikamilifu. Itatoka Machi. Nilitaka upate kitu kimoja cha kufurahia mwaka huu.

Dadako

*

Otanai, 20 Machi 1956

Dada,

Mama hajambo. Theluji inayeyuka. Figili zilifika.

Jarida limetoka. Wamenipa nafasi ya pili kwa nchi nzima. Ukurasa mzima, na chini yake: "Kuroiwa Tatsuo, mchimbaji, Otanai. 27 Oktoba, saa nne asubuhi."

Huwezi kujua ulichofanya, kwa sababu sikukwambia. Nakwambia sasa.

Siku ile zamu ilikuwa yangu. Yasuji alikuwa na mapumziko. Jioni ya kuamkia siku ile karani wa ghala alipita akasema batamaji wametua. Nikaenda kwa Yasuji, nikamwambia Mama amezidiwa na kifua, nataka nimpeleke kwa daktari mjini, anishikie zamu. Ningemwambia ukweli angenicheka, halafu angenishikia vilevile, ndivyo alivyokuwa. Lakini niliona haya kusema ni kwa ajili ya ndege. Akasema, "Mpeleke mzee, usiwe na wasiwasi." Setsu akatoka jikoni na mayai matatu yaliyofungwa kwenye kitambaa, ya Mama, apate nguvu.

Mayai yale niliyala ziwani.

Nilikuwa nakunja kamera nilipousikia mlio. Nikadhani ni barafu inapasuka.

Miezi mitano Setsu amekuwa akija kumsalimu Mama, akimwuliza kifua kimekuwaje. Mama, kwa kuwa ni mtu mzima, alinitazama mara ya kwanza, akaelewa, akajibu kifua ni afadhali. Naye akabeba uongo wangu pamoja nami. Hatujawahi kulizungumzia.

Jumatano Setsu alikuja na jarida. Karani wa ghala ndiye aliyempelekea, kwa nia njema, aone jirani yake alivyopata sifa. Akaliweka juu ya mkeka, akaligeuza linielekee.

"Saa nne asubuhi," akasema.

Nikalifunga jarida.

"Mama alikuwa ndani ya ziwa?"

"Shemeji..."

"Usiniite shemeji."

Mama alikuwa amekaa palepale, mikono magotini. Akainama mbele ya Setsu mpaka paji la uso likagusa mkeka, hakuinuka. Setsu hakumwangalia. Nilifikiri atanipiga, na nilitamani anipige. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeazima chumvi:

"Nataka picha ya Yasuji. Kesho kutwa ni siku ya kutembelea makaburi, na mimi nina bango tu. Chizu ameanza kuniuliza baba alikuwa na uso gani. Tulikuwa na mpiga picha nyumba ya nne, tukaona hakuna haja ya kupoteza fedha studio. Nipe picha yake."

Nikatoa makabati yote, dada. Miaka minane. Filamu mia mbili na kumi. Tulizishika dirishani mimi na yeye, moja moja, mpaka giza likaingia. Yasuji yumo kwenye kumi na moja. Kwenye tisa ni mgongo. Kwenye moja ni kofia na nusu ya sikio. Iliyobaki ni ya ngoma za sikukuu ya wafu, nilipanda juu ya paa la bafu la pamoja ili nipate umati wote. Uso wake mle ni mdogo kuliko punje ya mchele, na amegeuka.

Ofisi ya mgodi wana picha ya kitambulisho, ya siku ile tuliyoajiriwa. Setsu alishaiona. Anasema huyo ni mtoto wa miaka kumi na saba anayeogopa, hamjui.

Nakuletea hiyo negativu ya ngoma. Ikuze uwezavyo. Ikishindikana, nimefikiri hivi: mdogo wake Yasuji yuko Muroran, wamefanana sana. Naweza kumpiga, wewe ukamwekea pengo la jino, ukamwongezea umri kidogo kwa brashi. Kazi yako ndiyo hiyo. Setsu hatajua, au atajua na atanyamaza. Chizu atapata baba wa kumwinamia.

Nisaidie. Sina mwingine.

Tatsuo

*

Osaka, 2 Aprili 1956

Tatsuo,

Nimeandika barua hii mara nne. Leo naituma hata kama ni mbaya.

Kwanza, mimi ndiye niliyeipeleka picha ile. Siwezi kuirudisha. Nitaishi nayo.

Pili, nimeikuza negativu ya ngoma mpaka mashine ikafika mwisho wa mlingoti wake. Kisha nikapiga picha ile iliyokuzwa, nikaikuza tena. Mzee Hirokane alinisaidia, usiku mbili. Kilichopo ni chembechembe kumi au kumi na tano za madini ya fedha ya filamu. Nikizitazama kwa mbali, naziona kama shavu. Nikisogea, hakuna mtu. Brashi yangu inaweza kuondoa, Tatsuo. Haiwezi kutia ambacho hakikuwapo.

Tatu, la mdogo wake. Hapana. Na sababu yake nilikuwa nimeapa kwenda nayo kaburini.

Picha ya Baba iliyo kwenye kabati la wahenga hapo nyumbani si Baba.

Baba alipokufa shimoni ulikuwa na miaka miwili, mimi kumi na moja. Hakuwa na picha. Mama alimpeleka Baba Mdogo Kanzo studio, amemvika kanzu ya sherehe ya Baba, akamwambia fundi amnyooshee pua na kumpunguza masikio. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha pembeni, nimekushika wewe mapajani. Baba Mdogo alikuwa akilia, fundi akamwambia anyamaze maana macho yatavimba. Mwaka uliofuata alikwenda Manchuria na hakurudi, basi hakubaki mtu wa kufananishwa naye.

Nilipokuwa mkubwa nilijaribu kumkumbuka Baba mwenyewe. Nilikuwa namkumbuka vizuri, nakuapia, hadi nilipofika kama miaka kumi na tano. Halafu ile picha ikaingia mbele. Sasa nikifumba macho namwona Baba Mdogo Kanzo. Hata ndotoni anakuja yeye. Baba yangu amekufa mara mbili, na mara ya pili aliuawa na brashi. Ndiyo sababu nilijifunza kazi hii. Nilitaka kujua ilifanyikaje. Nimejua, na haijanisaidia.

Wewe umemwinamia kila asubuhi kwa miaka ishirini na sita. Nisamehe. Ulikuwa mtoto, ulikuwa ukimsemesha, ningekwambiaje?

Setsu bado anamkumbuka Yasuji. Usimtie mtu mwingine mbele yake. Nenda ukamwambie hakuna. Mwambie kwa mdomo, ukiwa umekaa mbele yake. Usimwandikie, na usimtume Mama.

Fumie

*

Otanai, 14 Mei 1956

Dada,

Mama ana mafua, si makubwa. Maua ya huku ndiyo kwanza yanachanua.

Barua yako niliisoma nimesimama nje. Nikaingia ndani, nikamtazama yule mtu kabatini. Mama akaniuliza, "Nini?" Nikasema, "Hakuna, vumbi." Nikachukua kitambaa nikampangusa. Bado namwashia ubani asubuhi. Mtu aliyelia akiwa amevaa nguo za kaka yake, naye anastahili ubani. Mama sitamwuliza. Yeye hakuniuliza juu ya mayai.

Kwa Setsu nilikwenda siku hiyohiyo. Nikamwambia: hakuna, nimekosa, dada yangu amejaribu, hakuna. Nikamwambia na ule mpango wangu wa mtu wa Muroran, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuficha. Akasikiliza huku anafunga vyombo kwenye magazeti. Familia zote za ngazi ya nne zimepewa hadi katikati ya Mei kuondoka katika nyumba za kampuni. Anakwenda kwa dada yake Aomori, kwenye kiwanda cha samaki.

"Kwa hiyo amekwisha," akasema.

"Nisamehe."

"Sikusamehi. Usiniombe tena, inanichosha."

Nikainuka niondoke. Nilikuwa navaa viatu aliponiita.

"Una filamu?"

"Ninayo."

"Nenda kailete. Unipige mimi. Mimi nikifa kule kwenye samaki, Chizu naye atabaki na bango la pili?"

Nikaenda mbio, nikaifunga lenzi yangu ya zamani. Niliporudi alikuwa ameshachana nywele na kukaa mlangoni, penye mwanga, Chizu amelala nyuma yake juu ya furushi la magodoro. Nikasimama pale nilipozoea kusimama. Nikaweka kamera jichoni. Akasema, "Huko ndiko ulikokuwa ukisimama siku zote?" Nikasogea. Akasema, "Bado." Nikasogea tena, nikapiga magoti, magoti yetu yakakaribia kugusana. Nikaona weusi wa makaa uliokwama kwenye mikunjo ya shingo yake, na mishipa ya macho, na kovu kwenye mdomo ambalo kwa miaka yote sikuwa nimelijua.

Dada, aliniangalia. Hakutazama kamera, alinitazama mimi, vile anavyotazamwa mtu aliyemwua mumewe akamlia na mayai yake. Hakupepesa. Nikabana viwiko kifuani. Kila kitu ndani yangu kilitaka kurudi nyuma hadi kwenye pampu. Nikabonyeza mara moja tu. Mara ya pili sikuweza.

"Basi," akasema, akasimama, akaendelea kufunga vyombo.

Wameondoka juzi. Nilibeba magodoro hadi stesheni, hakunikataza, hakunishukuru. Anwani ya Aomori iko nyuma ya ukurasa huu. Filamu ni hiyo. Nisingeweza kuisafisha mwenyewe, na safari hii si kwa kuogopa kuiona. Naogopa kuiharibu.

Tatsuo

*

Osaka, 9 Juni 1956

Mdogo wangu,

Mvua za mwezi wa sita zimeanza, karatasi studio zinajikunja, na Eikichi mgongo umempiga chini kabisa. Mama mpe tangawizi ya moto, akikataa mwambie nimeagiza mimi.

Nimeisafisha. Imetikisika kidogo upande wa sikio la kushoto. Kwingine imeshika vizuri. Niliitundika ikauke, na kwa siku nzima nilifanya kazi nikiwa nimeipa mgongo, kwa kuwa macho yale yalikuwa yakinifuata mimi pia, nami najua kwa nini. Mzee Hirokane alipita, akasimama mbele yake, akavua kofia.

"Utaigusa?" akaniuliza. Ndiyo kazi anayonilipia.

Nikasema hapana. Sikuondoa makaa, wala mikunjo, wala kovu. Kile alichokuwa nacho dhidi yako nimekiacha chote kama kilivyo, Tatsuo. Mtoto wake akikua atamwona mama yake jinsi alivyokuwa hasa, mwaka ule, mbele ya mtu yule. Ataliuliza, na mama yake ataamua amjibu nini.

Nilichapa mbili. Moja nimeipeleka Aomori kwa rejista, ndani ya mbao mbili nyembamba. Ya pili ni yako, iko humu. Usiitume jaridani. Najua hutaituma, lakini mimi niliwahi kutuma yako bila kukuuliza, kwa hiyo nalisema.

Wiki iliyopita ilikuja postikadi kutoka kwa Setsu, mwandiko wa penseli. Hakuna salamu, hakuna jina langu. Ina neno moja: "Imefika."

Fumie